Shawa za Wageni

Jirani yao, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Gazeti kwa sababu habari zilimfikia kabla hazijatokea, alishikilia kwamba Fundi, mzee mshona nguo, alipigwa na upepo. Kwa masimulizi yake, Fundi alitoka kuoga kwenye Jumba la Maji mwili ukiwa bado unafuka mvuke, akasimama mlangoni kupiga soga na mwanamke mmoja mwenye kicheko kirefu. Soga ikanoga, vifungo vya shati viko wazi, na upepo, ambao hauna adabu kwa wazee wanaojisahau, ukampenya kifuani. Kesho yake homa, keshokutwa kikohozi, na mara watu wakamwona anabebwa kwa blanketi. Mama Gazeti aliyasimulia hayo dukani, akayasimulia kwenye foleni ya maji, akawasimulia hata wale waliolishika blanketi lenyewe. Kila alipoyarudia, yule mwanamke wa mlangoni alizidi kuwa mrembo.

Binti wa Fundi alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Ndivyo alivyokuwa tangu utoto, na ndiyo maana akaitwa Macho. Jina hilo alipewa na mama yake mdogo, aliyesema mtoto huyu haulizi kwa mdomo, anakutazama tu mpaka jibu likutoke lenyewe. Macho alijua kwamba baba yake hakusimama na mwanamke yeyote. Mzee aliyeinamia cherehani maisha yake yote hasimami mlangoni kwa starehe. Akishasimama anatafuta pa kukaa. Lakini hakuona haja ya kumnyang'anya jirani hadithi yake.

Akiwa anaondoka, Mama Gazeti akaiongezea habari yake kamkia. Alisema afadhali watoto wa mama mdogo wa Macho, wana akili, siku hizi hawakanyagi kule. Zamani alikuwa akiwaona wakipita na mataulo mabegani kila mwisho wa juma. Macho akajibu kwamba watoto wamekua, wana mambo yao. Akachukua chupa ya chai akaenda hospitali.

Jumba la Maji ndiko Macho alikofanya kazi. Lilikuwa jumba la umma lenye bwawa la kuogelea chini ya paa, ngazi za vigae vya buluu, na harufu ya dawa ya maji inayokufuata mpaka nyumbani na kulala nawe. Mbele kulikuwa na shawa za waogeleaji, zenye vioo na vining'inizo vya nguo. Nyuma, ukipita chumba cha mataulo, kulikuwa na safu nyingine ya shawa, ya zamani, iliyoachiwa wafanyakazi, na wazee wachache wa mtaani waliokuja kuchua viungo vyao kwa maji ya moto. Macho aliingizwa kazini na mama yake mdogo, ambaye ndiye msimamizi wa usafi. Huyo alikuwa mdogo wa marehemu mama yake, na tangu mazishi alimlea Macho pamoja na watoto wake, sahani moja, kitanda kimoja, kofi moja kwa wote likihitajika. Shule ilipokwisha darasa la saba na hela ya kuendelea ikakosekana, yeye ndiye aliyemshika mkono akampeleka kwa meneja na kusema, huyu ni mwanangu, atafagia hata kivuli chake.

Ni yeye pia ambaye, hata kabla ya hapo, alisema Fundi aletwe. Mgongo wa shemeji yake ulikuwa umekunjika kama sindano iliyogonga kifungo, na maji ya moto yangemfaa. Basi kila juma Fundi alipitia mlango wa nyuma, akakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya shawa ya mwisho kabisa, akaimba. Alikuwa na sauti mbaya na hakuwa na habari. Maji yenyewe, aliwahi kumwambia Macho, si ya moto sana, ni kama chai ya mtu aliyeitwa nje kidogo. Lakini alipotoka alitembea wima hadi kwenye kona, na kwake hiyo ilikuwa safari.

Wodini, Macho alimkuta daktari kando ya kitanda. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye kalamu nyuma ya sikio, aliyezungumza polepole kwa sababu Fundi hakutaka kuachwa nje ya mazungumzo ingawa alikuwa na barakoa ya oksijeni usoni. Daktari alieleza kwamba wamepima mkojo na wamempata adui. Ni homa ya mapafu inayoletwa na bakteria wanaoitwa lejionela. Haipiti kwa kushikana mikono, wala mtu haipati kwa kunywa maji. Hao wanakaa kwenye mabomba ambamo maji ya uvuguvugu yamelala bila kwenda mbele wala nyuma. Wanashika kwenye uchafu na magamba ya chumvi, na shawa ikifunguliwa wanatoka na yale manyunyu membamba, mtu akavuta pumzi, basi. Dawa ameshaanzishiwa, lakini mapafu ya mzee yamechoka, na hawezi kumwahidi mtu chochote. Halafu akauliza mzee huwa anaoga wapi, kwa sababu alikoupata ugonjwa huu yeye, wapo wengine wanaoupata sasa hivi.

Macho akasema Jumba la Maji. Akaongeza haraka, tena kwa fahari, kwamba maji ya kule hupimwa. Wapimaji wa idara ya afya huja na chupa zao, na hakuna hata mara moja aliyowahi kusikia majibu yakirudi mabaya. Yeye mwenyewe huwa anawaandalia.

Daktari akakunja uso. Kama yamepimwa na ni safi, alisema, itabidi watafute kwingine.

Fundi akasogeza barakoa kidogo. "Mimi kwingine siogi," akasema. "Uliza hata jirani zangu." Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na muuguzi akamrudishia barakoa kama mtu anayefunika chungu.

Macho alibaki na chupa ya chai mapajani. Alikuwa akilifikiria lile neno lake, kuwaandalia.

Kila wapimaji walipokaribia kuja, mama mdogo alipata habari mapema, maana meneja alipigiwa simu. Hapo alimwita Macho na kumwambia, mwanangu, toa vikombe vya wageni. Ulikuwa utani wao. Katika kabati la chumba cha mataulo kulikuwa na vichwa vipya vya shawa, vinavyong'aa, vimeviringishwa kwenye vitambaa. Macho alichukua spana, akafungua vile vya zamani vya shawa za mbele, vilivyoota magamba meupe matunduni, akafunga vipya. Kisha boila ya kuchemshia maji iliongezwa moto, dawa ikamwagwa kwenye tangi kwa wingi kuliko kawaida, na shawa za mbele zikaachwa zitiririke mchana kutwa mpaka vioo vikapofuka. Mlango wa nyuma ulifungwa, ndoo na mifagio ikapangwa mbele yake. Wapimaji walipoondoka, vikombe vya wageni vilirudi kabatini.

Hakuwahi kuona ubaya wowote. Nyumba gani haina vikombe vya wageni? Mgeni haletewi kile chenye ufa. Mama mdogo mwenyewe ndiye aliyemfundisha, angali mdogo, kwamba mtu anayekuja kukuona unampa kilicho bora, hata kama wewe unakunywea kopo. Akafunga vichwa vile kwa moyo mmoja, akavifuta kwa kitambaa kikavu visibaki na alama ya vidole.

Jioni hiyo Kitinda, mtoto wa mwisho wa mama mdogo, alikuja kumsalimia mgonjwa. Alikuwa msichana mwenye mdomo usiokaa na maneno, na Macho alimpenda hivyo hivyo. Alimbusu Fundi kwenye paji la uso, akamtania kwamba wodi nzima inasubiri aimbe ili wapone haraka waondoke. Kisha wakatoka kwenye ukumbi, wakakaa kwenye benchi. Macho akamweleza aliyoyasema daktari, kuhusu wadudu wa kwenye mabomba.

Kitinda hakushangaa hata kidogo. "Kwani Baba Fundi alikuwa bado anaoga kule nyuma?" aliuliza. "Mbona mama alitukataza zamani? Alisema maji ya nyuma yana wadudu wa kifua. Alitaka kumchapa kaka kwa sababu alikwenda kwa kujificha."

Macho akamtazama.

"Usinitazame hivyo, dada. Nilidhani mnajua. Nani asingewaambia nyinyi?"

Mbele yao mhudumu alikuwa akisukuma kitanda kitupu chenye gurudumu moja linalolia. Kilipita, kikaingia lifti, na sauti ya gurudumu ikaendelea kusikika ndani ya ukuta.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Lakini hawakusema mtu afanye nini ikiwa nguo yenyewe amevalishwa utotoni, na aliyemvalisha ndiye aliyemfunga vifungo, kimoja kimoja, akimwambia sasa umependeza.

Asubuhi yake Macho alimkuta mama mdogo katika chumba cha mataulo, akikunja. Alimwamkia kama siku zote, akachukua taulo upande wa pili, wakakunja pamoja, kona kwa kona. Mama mdogo akauliza mgonjwa ameamkaje. Macho akasema amelala vibaya. Wakakunja jingine. Mama mdogo akasema Mungu ni mwema, atapona tu, na yeye atapita jioni. Wakakunja jingine. Macho alikuwa anamtazama tu. Mwishowe mama mdogo akaliacha taulo liporomoke.

"Kitinda kakwambia."

Ndipo yakamtoka. Zamani kidogo, kabla Macho hajaanza kazi, mpimaji mmoja alichukua maji ya nyuma, na majibu yakaja mabaya. Meneja alimwita mama mdogo, akafunga mlango, akamwambia lile bomba la nyuma linataka kung'olewa lote, ukuta kwa ukuta, na jumba likifungwa kwa matengenezo halitafunguliwa tena, kwa maana wapo wanaokitolea macho kiwanja chake. Afunge mdomo na afunge mlango. Yeye meneja akawaambia idara kwamba sehemu ile haitumiki tena, ni stoo.

"Mlango hukuufunga," Macho akasema.

"Niliufunga siku za wageni."

"Wanao ukawakataza."

"Ni wanangu."

Neno hilo lilitoka jepesi, na mama mdogo alipolisikia sikioni mwake mwenyewe akanyoosha mkono kana kwamba anaweza kulirudisha. Alisema hakumaanisha hivyo. Alisema Macho naye ni mwanawe, nani asiyejua, lakini Macho alikuwa akioga nyumbani, hakuwa hatarini. Na kuhusu Fundi, ni yeye aliyemleta shemeji yake pale, kabla ya majibu yale. Angemwambia nini baadaye? Angemkataza baba, binti angetaka kujua sababu. "Na wewe nakujua," alisema. "Hungeuliza. Ungenitazama tu kila siku mpaka nikaumwa. Nikajiambia, mtu mzima ameoga muda wote huo na anaimba. Huenda ni maneno ya maabara tu."

Macho aliokota taulo lile, akalikunja mwenyewe. Kilichomuuma hakikuwa bomba. Bomba ni chuma, halina shangazi wala mjomba. Kilichomuuma ni kwamba mara zote zile, baba yake akiwa chini ya shawa ya mwisho anaimba, mama mdogo alikuwa chumba cha pili akimsikia, na mara nyingine alikuwa akigonga ukuta kwa mzaha na kumwambia apunguze sauti, ataharibu vigae.

Mama mdogo alijifuta macho kwa ncha ya taulo. Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya kazini. Alisema hospitali imepiga simu idara ya afya, na mpimaji anakuja kesho asubuhi. Vikombe vya wageni vitolewe, boila iongezwe, kila kitu kama kawaida. Fundi ameshapata dawa. Kulifunga jumba hakutamrudishia pumzi, bali kutawaondolea chakula watu wote waliomo, Macho akiwa wa kwanza. "Unielewe, mwanangu," akasema, akampa spana.

Macho akaipokea. Hakuwahi kukataa kitu kilichotoka mkono ule.

Mchana alisimama kwenye shawa za nyuma, spana mkononi. Alizitazama kama hajawahi kuziona. Magamba meupe yalikuwa yameziba nusu ya matundu, na pembeni kulikuwa na utelezi wa rangi ya udongo. Alipogusa bomba kwa kiganja lilikuwa vuguvugu tu, kama mkono wa mtu anayekusalimu bila kukupenda. Kiti cha plastiki cha baba yake kilikuwa palepale. Akiwa hapo, wakaingia mzee mmoja mstaafu wa posta na mkewe, ambao walikuja kila juma kwa ajili ya magoti, wakibishana njia nzima nani magoti yake ni mabovu zaidi. Bibi alikuwa ameshavua viatu. Macho akawaambia hakuna maji. Mzee akasema mbona anasikia tone linadondoka. Macho akamwambia hilo ndilo la mwisho. Bibi akacheka, akavaa viatu, akamwambia mumewe twende, umenyimwa maji hata na tone. Walipoondoka, Macho akafunga mlango kwa ndani akakaa kwenye kiti cha baba yake. Hakugusa kichwa hata kimoja. Mpaka kazi inaisha, spana ilikuwa bado kavu.

Mpimaji alikuja asubuhi, mwanamume kijana mwenye begi la kuhifadhia chupa kwenye baridi na buti za mpira. Meneja alikuwa amepata safari ya ghafla. Mama mdogo alimpokea kwa tabasamu, akampitisha shawa za mbele. Alipotupa jicho juu akaona vichwa vya zamani, na magamba yake yote, vimekaa mahali pao. Tabasamu likabaki usoni, lakini mtu hakuwamo tena. Alimgeukia Macho. Macho alikuwa ameegemea ukuta, amekunja mikono.

Mpimaji alifanya kazi yake bila haraka. Alisema lisifunguliwe bomba lolote kabla yake, kwa sababu anataka maji yaliyolala, si yaliyoamshwa. Alivisha kila kichwa mfuko, akakinga maji ya kwanza kwenye chupa zenye ungaunga kidogo chini, unaoiua nguvu dawa ya maji ili isiendelee kuua wadudu njiani na kudanganya maabara. Alieleza hayo kwa sababu aliona Macho anatazama, na watu waliotazamwa na Macho huwa wanaeleza. Kisha akauliza kama kuna bafu jingine.

"Huku ndiko mwisho," mama mdogo akasema. "Nyuma ni stoo ya mifagio."

"Si stoo," Macho akasema. Sauti yake ilitoka ndogo, lakini mle ndani kila kitu ni vigae, hakuna neno linalopotea. "Ni shawa. Baba yangu ameoga huko juma kwa juma, na sasa yuko kwenye oksijeni."

Mpimaji alimtazama mama mdogo, kisha akamtazama binti. Hakuuliza yupi aaminiwe. Alinyanyua begi lake. Macho akatangulia, akaondoa ndoo, akaondoa mifagio mmoja mmoja, akaiegemeza ukutani vizuri. Ndani, mpimaji alitoa tochi, akaimulika shawa ya mwisho, akapiga mluzi mdogo wa fundi aliyekutana na kazi mbaya. Akavaa barakoa, akawaambia wasimame mbali, nje ya mlango. Akaanza kuvisha mfuko. Kutoka mle ndani aliuliza kwa nini majibu ya zamani ya jumba hili ni safi kiasi kile, na kama kuna mtu huwa anabadilisha vichwa kabla ya upimaji. Alisema amalize chupa hii kwanza, halafu atataka kuambiwa ni nani.

Mlangoni walisimama wawili, bega kwa bega, kama walivyowahi kusimama kwenye kaburi la mama yake Macho. Mama mdogo alinukia dawa ya maji, na chini yake ile sabuni ambayo Macho aliijua tangu alipokuwa akilala kitanda kimoja na wenzake wanne wakipokezana mgongo wa mama huyu. Mkono wake ukamtafuta Macho, ukamshika kiwiko.

"Sema ni wewe," akanong'ona. "Spana ni yako, kila mtu amekuona nayo. Sema ulikuwa unasafisha, hukujua. Si uongo, hukujua kweli. Wewe ni kijana, utapata kazi nyingine. Mimi nikitoka hapa nitaenda wapi, na Kitinda hajamaliza shule? Nimekulea, mwanangu. Sijawahi kukuomba kitu."

Mle ndani maji yalianza kuanguka chupani, polepole, sauti yake ikipanda jinsi chupa ilivyojaa. Macho alikitazama kile kiganja kwenye kiwiko chake. Kilikuwa kimekunjamana kwa maji ya miaka mingi.

"Mwanangu," mama mdogo akasema. "Naomba."

Maji yakakatika. Mpimaji alikaza kifuniko, akavua glavu moja, akageuka kuwaelekea.